Mgeni Kwanza Kiti, Ukoo Baadaye

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimekaa kitako. Unasema wewe ni mtu wa Moa, kule pwani ya Tanga, umemaliza stashahada ya ukutubi, umepata kazi kwenye maktaba moja ya umma (jina lake tuliache hukohuko), na kabla hujatimiza hata miezi mitatu mkuu wako kakuita akakukabidhi tovuti. Watu wanalalamika hawaoni kitu, ibadilishe. Sasa unaniuliza uanzie wapi: rangi, picha, au nembo mpya. Barua za namna hii ninazo nyingine kutoka ofisi nyingine, kwa hiyo leo nawajibu nyote kwa mpigo, ila macho yangu yatakuwa kwako, maana Moa naijua.

Rangi iache. Anzia kwenye nauli.

Mchukue kijana wa kidato cha tatu pale kwenu. Anataka kitabu cha kemia, na shuleni kipo kimoja ambacho wenzake wanakigombea. Kaambiwa Tanga mjini kuna maktaba, ile iliyojengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Hebu tuhesabu pamoja. Bodaboda kutoka Moa mpaka barabara ya Horohoro. Hapo asubiri gari la Tanga, na ukilikosa lililojaa haraka unakaa kivulini mpaka utosheke. Halafu kurudi. Ni siku nzima imekwenda, na pesa hiyo ingenunua dagaa wa nyumba nzima. Kabla hajapanda hiyo bodaboda, kijana anataka kujua mambo matatu: leo mmefungua? Kitabu kipo? Na mimi nisiye mwanachama mtaniruhusu niingie nisome? Tovuti isiyomjibu hayo upesi inamtoza nauli, tena mara mbili: kwanza bando, kisha gari.

Sasa fungua hiyo tovuti yenu kwa simu yako, jifanye wewe ndiye yeye. Naitabiri nisiyoiona. Juu kabisa kuna picha kubwa zinazopishana, na katika mojawapo kuna utepe unakatwa. Chini yake Salamu za Mkuu. Kisha Dira, Dhamira, Maadili ya Msingi. Kisha Muundo wa Taasisi, ule mchoro wa visanduku na mishale ambao ukiufungua kwenye simu unahitaji kioo cha kukuzia. Kisha Matangazo, na tangazo la kwanza ni zabuni iliyokwisha zamani. Saa za kufungua ziko wapi? Ziko chini kabisa, kwenye maandishi madogo ya kijivu, kama zipo.

Mdogo wangu, sisi ni watu wa pwani. Mgeni akipiga hodi anakaribishwa barazani, anapewa pa kukaa, anapewa maji. Haja yake ikiwa ndogo huimalizia hapohapo barazani, ikiwa kubwa anaingizwa ukumbini. Hakuna nyumba hapa pwani ambako mgeni hajakaa anaanza kutajiwa ukoo: babu fulani alimzaa fulani, na chumba hiki cha shangazi, kile cha ami. Ukoo utatajwa, na pengine utakuwa mtamu, ila baada ya maji. Tovuti nyingi za ofisi zinaanza na ukoo. Sababu yake si ubaya wa mtu. Tovuti ilipangwa kwenye kikao, na kikaoni kila mkuu wa idara alitaka chumba chake kionekane kutoka barabarani. Mgeni hakuwa na kiti kwenye kikao hicho.

Usinielewe vibaya, historia naipenda. Mimi ni katika watu wanaoweza kukaa jioni nzima wakisimulia namna bodi ya huduma za maktaba ilivyoundwa kwa sheria ya 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru hasa. Iandike hiyo, tena iandike vizuri, ipe ukurasa wake. Lakini kijana wa kemia hakujia hiyo.

Ukitaka mfano wa mpangilio ambao kila mtu Moa anaujua, huna haja ya kwenda Ulaya. Upo mfukoni. Bibi anayeuza pweza, anayesoma kwa taabu, akibonyeza *150*00# ya pesa za simu kwenye kitochi chake anafika anakokwenda bila kumwuliza mjukuu. Kwa nini? Tazama maneno yenyewe: tuma, toa, nunua, lipa. Hayo ni vitenzi. Yanasema atakachofanya yeye, si idara gani itakayomhudumia. Ingekuwa menyu ile imepangwa na kikao cha ofisi, bibi angekuta namba moja Kuhusu Sisi, namba mbili Kurugenzi ya Miamala, na pweza wangeoza. Na tazama jingine: kila hatua ina machaguo machache, na kwa kila chaguo anajua kinachofuata. Tovuti ya maktaba nayo ingeweza kusimama juu ya vitenzi vichache tu: tafuta kitabu, azima, jiunge, uliza mkutubi, fika kwetu. Mengine yote yakae nyuma ya hivyo.

Nikusimulie niliyoyaona mwenyewe, maana kwa nadharia tu utanisahau. Mwaka mmoja nilikuwa nasaidia kuipanga upya tovuti ya maktaba ambayo siitaji. Nikaenda nayo nyumbani, nikampa mpwa wangu simu, nikamwambia: niambie kama kuna kitabu cha kemia cha kidato cha tatu. Nikanyamaza. Akabofya Huduma Zetu, akakuta aya tatu zinazosema maktaba hutoa huduma bora kwa jamii. Akarudi. Akabofya Machapisho, ikaanza kushuka ripoti ya mwaka, simu ikazunguka, akaikatiza kwa kuhofia bando. Akarudi tena. Palikuwa na mahali pameandikwa Rasilimali za Kielektroniki, na humo ndimo ilimokuwa katalogi. Alipaona. Kidole kikasimama juu yake, kikapaacha. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakubofya, alinijibu bila wasiwasi: "Rasilimali si ni madini na gesi?"

Mimi na wenzangu wasomi tulikuwa tumelipitisha neno hilo kikaoni kwa dakika mbili.

Hiyo ndiyo kazi ngumu uliyopewa, mdogo wangu: maneno. Kule Marekani, mkutubi aitwaye John Kupersmith alikusanya kwa miaka mingi majaribio ya namna hii kutoka maktaba mbalimbali, na yalionyesha jambo lilelile kwa Kiingereza chao. Maneno kama hifadhidata, rejea, rasilimali yaliwapoteza watu, na maneno yaliyosema kitendo na kitu, kama kutafuta vitabu au makala, yaliwafikisha. Kwetu tatizo lina ghorofa ya pili. Neno la kikutubi la Kiingereza limetafsiriwa kwa neno la Kiswahili ambalo msomaji ama halijui ama analijua kwa maana nyingine. Kanzidata. Huduma za marejeo. Mkusanyiko maalumu. Andika maneno haya kwenye karatasi uende nayo sokoni uone sura za watu. Halafu uulize wenyewe wangesemaje. Kwa mkusanyiko maalumu niliwahi kuambiwa: "vitabu vya zamani visivyotoka nje." Hilo ni jina zuri kuliko tulilokuwa nalo, na tulilitumia.

Kuna njia moja ya kupanga ambayo haina gharama, wataalamu wa tovuti huitumia dunia nzima, na wewe unaweza kuifanya barazani kwenu. Kata boksi la sabuni vipande ukubwa wa karata, kama hamsini hivi. Kila kipande kiandike jambo moja lililomo kwenye tovuti: saa za kufungua, ada ya uanachama, kupotelewa na kitabu, chumba cha watoto, magazeti ya zamani, kufanya fotokopi, ratiba ya mitihani. Mpe mtu vipande vyote, mwambie avikusanye mafungu anavyoona vinaendana, na kila fungu alipe jina lake mwenyewe. Usimsaidie. Ukifanya na watu kumi au kumi na watano wa rika na kazi tofauti, utaanza kuona mafungu yanajirudia. Hayo ndiyo menyu yako, na majina waliyoyatoa ndiyo majina yake. Mvuvi mmoja niliyempa vipande hivyo aliweka magazeti ya zamani na ratiba ya mitihani fungu moja, akaliita "vya kusoma hapohapo". Sisi magazeti tulikuwa tumeyaweka chini ya Idara ya Nyaraka. Yeye aliyaweka chini ya benchi atakalokalia.

Ukishachora mpangilio mpya, urudishe kwa watu kabla hujaulipia kitu. Chora kurasa kwa kalamu, mtu aguse kwa kidole, wewe umgeuzie karatasi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kuzifichua kasoro nyingi. Watano Moa unawapata kabla ya adhuhuri.

Sasa tuje kwenye kisanduku cha kutafutia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili kinapoumizwa na watu hawaoni.

Mtu wa Tanga akitafuta mwandishi, wa kwanza ni Shaaban Robert. Ni wetu, alizaliwa Vibambani mwaka 1909, kaburi lake liko Machui. Mtajie mtoto wa shule jina hilo aliandike kwa kusikia tu: ataandika Shabani, ataandika Shaban, na yule anayeandika Shaaban kwa a mbili ni aliyeliona jaladani. Katalogi inayodai herufi kwa herufi itamjibu kwamba hakuna kitabu. Mtoto wa Tanga kaambiwa na maktaba kwamba Shaaban Robert hana kitabu! Fundi wako aiwekee mashine visawe, ili njia zote za kuliandika jina zifike mahali pamoja.

Kisha kile kidoti cha ng'. Simu nyingine huandika alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na watu wengi hawaiandiki kabisa. Kwa jicho ni ng'ombe yuleyule, kwa mashine ni maneno matatu. Anayetafuta ufugaji wa ng'ombe wa maziwa anaondoka mikono mitupu.

Na kubwa kuliko yote ni mwanzo wa neno. Mitambo mingi ya kutafutia ililelewa na Kiingereza, ambako wingi huonekana mwishoni mwa neno, hukatwa kaherufi na mambo huisha. Sisi neno hubadilika mbele: mti, miti, ua, maua, mvuvi, wavuvi, uvuvi, kuvua. Msomaji kaandika "wavuvi", kitabu chako kinaitwa Uvuvi wa jambo fulani, havikutani. Tena vichwa vya mada mara nyingi vimeandikwa kwa Kiingereza hata kwa kitabu cha Kiswahili, basi hakuna mlango wa pili wa kumwokoa. Hili halitatuliwi kwa rangi mpya. Ni kukaa na orodha ya maneno, jioni baada ya jioni, ukiyaunganisha. Pa kuanzia ni hapa: mwombe fundi akupe orodha ya maneno yote ambayo watu waliyaandika mwezi uliopita wakapata sifuri. Orodha hiyo isome kama unavyosoma barua. Utakuta makosa ya tahajia, utakuta vitabu ambavyo hamna na mngefaa kununua, na utakuta mtu kaandika "nafasi za kazi" mara nne usiku wa manane.

Na kinapotokea sifuri kweli, usimwache mtu hewani. Kama anatafuta kitabu cha kiada, mwelekeze palepale kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya shule vinasomeka bure. Kama ni kitu kingine, mpe namba ya kuuliza. Zamani zile za kadi, wakati katalogi ilikuwa kabati la droo ndogondogo na kila droo ina ufito uliopenya kadi zote tumboni, mtu akikwama alinyanyua kichwa akaona mkutubi pale mezani. Usimnyang'anye hilo.

Kama maktaba yenu inatumia Koha, una bahati. Ni programu iliyotengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya ya mashambani, ikaanza kazi Januari 2000, na hutolewa bure, jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi. Unaweza kuyabadili maandishi yake yakawa Kiswahili chenu, na ukaivalisha sura inayofanana na tovuti. Fanya hivyo. Mtu akibofya tafuta kitabu halafu akajikuta kwenye ukurasa wa rangi nyingine, wa Kiingereza kitupu, anadhani amepotea na anarudi nyuma. Nimewaona wakirudi.

Juu ya uzito wa kurasa sitasema mengi, wewe mwenyewe unajua ilivyo pale kwenu karibu na mpaka, simu inavyodaka mnara wa Kenya ukakaribishwa nchi ya watu ukiwa uani kwako. Kumbuka tu siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Ukurasa wa Baraza la Mitihani hauna urembo: mstari wa herufi juu, orodha ya shule chini, ukibofya shule unakuta majedwali. Hakuna anayeusifia kwa uzuri, na nchi nzima inaufungua siku moja kwa simu za kila namna. Hizo picha zenu zinazopishana ziondoe. Matangazo yaliyopigwa picha yakawekwa kama karatasi ya kupakua, yaandike upya kama maandishi ya kawaida, yafunguke upesi, na anayetumia simu inayosoma kwa sauti ayasikie.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea wakishapata tovuti mpya: anwani za zamani. Watu hawaingii kwa mlango wa mbele. Wanatoka Google, wanatoka kiungo alichotumiwa mtu kwenye kundi la WhatsApp la wazazi miaka miwili iliyopita, wanatua katikati ya nyumba. Ukihamisha kurasa, acha kila anwani ya zamani ikimpeleka mtu kwenye mpya yake. Na kwa kuwa anaweza kutua popote, kila ukurasa umwambie yuko wapi, na kila ukurasa uwe na kile kisanduku cha kutafutia na saa za kufungua. Kila ukurasa, hata ule wa historia yangu niipendayo.

Kiswahili kitangulie. Najua mtaweka kitufe cha Kiingereza, na ni sawa, wageni wapo. Ninachokataa ni ile tovuti yenye Kiingereza kilichonona na Kiswahili chenye kurasa tatu, mbili tupu.

Nimefika kwenye swali uliloliweka mwisho kabisa wa barua, kwa mwandiko mdogo, kana kwamba unanionea aibu. Mkuu wako anazipenda zile picha, na salamu zake ziko juu kabisa. Utamwambiaje?

Usimwambie. Wewe ni mgeni kazini na ni mdogo kwake, na ukienda na hoja zako za akina Nielsen atakuona umekuja na usomi. Mwombe nusu saa yake, kwa adabu, useme unataka ushauri. Mtafute kijana mmoja wa sekondari anayekuja kusoma hapo, umkalishe upande mmoja wa meza, mkuu umkalishe pembeni yake mahali anapoiona simu vizuri. Mpe kijana tovuti ya sasa, mwambie atafute kama Jumamosi mnafungua na kama kitabu fulani kipo, kitabu ambacho mkuu mwenyewe anajua kipo rafu ya pili. Kisha kaa kimya, hata ukimya ukichoma. Usimwonyeshe kijana pa kubofya, na mkuu umwombe mapema asimwonyeshe.

Dakika ya kwanza atatabasamu. Ya tatu ataanza kujisogeza kwenye kiti. Ikifika ya tano, kama ni mtu ninayemdhania, atanyoosha kidole mwenyewe kwenye simu ya mtoto aseme, "Sio hapo, shuka, shuka chini, pita hizo salamu." Hapo ndipo umwulize, taratibu, salamu hizo angependa zihamie wapi.